Vyakula vya Jikoni na Kijidudu cha Tumbo

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo wainjilisti na wazee wa kanisa huulizwa mara nyingi waendapo kuwatazama wagonjwa. Mtu mwenye maumivu ya tumbo, ambaye usiku hujikunja kitandani kwa uchungu, huuliza: “Je, asali yaweza kuniponya? Nikitafuna kitunguu saumu kila asubuhi, vidonda vyangu vitafunga? Jirani yangu asema amepona kwa maji ya kabichi. Nami nifanye vivyo hivyo?” Aulizaye hivyo hataki kufurahishwa kwa maneno. Huenda fedha aliyo nayo yatosha kununua asali, au yatosha nauli ya kwenda hospitali, lakini haitoshi kwa yote mawili. Basi neno tumwambialo laweza kumsaidia, tena laweza kumpotezea miezi ambayo hakupaswa kuipoteza.

Kwa hiyo twataka kulichungua jambo hili hatua kwa hatua. Hatutavidharau vyakula vya jikoni, maana vina nguvu ya kweli, na wataalamu wameipima. Wala hatutavisifu kupita kiasi, maana wataalamu wale wale wameona pia mahali nguvu hiyo inapokoma.

1. Kijidudu chenyewe

Kwa miaka mingi madaktari walifundisha ya kuwa vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi, na vyakula vikali, na wingi wa tindikali tumboni. Walidhani hakuna bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, viwezavyo kukaa na kuzaana ndani ya tindikali kali namna ile. Hata mwaka 1979, daktari mmoja wa mji wa Perth katika Australia, jina lake Robin Warren, alikuwa akitazama kwa hadubini vipande vidogo vilivyotolewa katika matumbo ya wagonjwa. Akaona vijidudu vilivyopinda, vimekaa juu ya ngozi ya ndani ya tumbo. Na mahali vilipokuwapo, ngozi ile ilikuwa imevimba.

Mwaka 1981 daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye katika kazi hiyo. Wakajaribu kuviotesha vijidudu hivyo katika vyombo, wasifaulu. Lakini mwaka 1982, kwa sababu ya likizo ya Pasaka, vyombo viliachwa siku nyingi kuliko desturi. Na watu waliporudi kazini wakavikuta vijidudu vimeota. Ndipo ilipojulikana ya kuwa huota polepole, na ya kuwa zamani vyombo vilikuwa vikitupwa kabla ya wakati.

Wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache akashikwa na kichefuchefu na kutapika, na alipochunguzwa, tumbo lake likaonekana limevimba ndani, na vijidudu vimo. Tangu mwaka 1989 kijidudu hiki huitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao. Tena mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikiandika kijidudu hiki miongoni mwa vitu ambavyo kwa hakika huleta saratani kwa wanadamu.

Ni watu wangapi walio nacho? Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanacho, na katika Afrika yapata watu 70 katika kila 100. Wengi hukipata utotoni, nyumbani mwao, kutoka kwa mtu mpaka mtu. Walio wengi hawasikii ugonjwa wo wote. Lakini katika kila watu 100 walio nacho, yapata 10 hata 20 hupata vidonda katika maisha yao, na 1 au 2 hupata saratani ya tumbo.

Hapa pana jambo la kushika. Si kila maumivu ya tumbo hutoka kwa kijidudu hiki. Vidonge vya kutuliza maumivu, kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, vikimezwa mara kwa mara, vyaweza navyo kutia vidonda. Kwa hiyo mtu hawezi kuujua ugonjwa wake kwa kupapasa tumbo tu, wala kwa kulinganisha maumivu yake na ya jirani. Ni lazima apimwe.

2. Namna kinavyojilinda

Tumbo limefanyizwa ili liviue vijidudu viingiavyo pamoja na chakula. Tindikali yake ni kali sana, na vijidudu vingi hufa humo upesi. Je, hiki chaponaje?

Kwanza, hutengeneza kwa wingi kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kimeng'enya hiki huichukua urea, ambayo imo daima katika mwili wa mtu, na kuivunja iwe amonia na hewa ya kaboni. Amonia hupunguza ukali wa tindikali. Hivyo kijidudu hujizungushia mahali padogo pasipo ukali, kama mtu awashaye moto wa kumkinga na baridi porini.

Pili, kina mikia myembamba ya kuogelea, nacho hupenya katika ute mzito ufunikao ngozi ya tumbo. Huko chini ya ute tindikali ni haba.

Tatu, kina vishikio vya kujinasia katika ngozi yenyewe, hata chakula kipitapo hakikichukui.

Mambo haya matatu, yaani kujikinga kwa amonia, kujificha chini ya ute, na kujinasa ngozini, tuyakumbuke vema. Dawa yo yote, iwe ya hospitali au ya jikoni, haina budi kuyashinda.

3. Nguvu ya vyakula katika chombo cha kioo

Sasa tuvitazame vyakula. Wataalamu wapimapo nguvu ya kitu, kwanza hukiotesha kijidudu katika chombo cha kioo, kisha hukitia dawa au chakula, na kutazama kama kitazidi kuota au la. Katika majaribio ya namna hii vyakula vingi vimeshinda.

Kitunguu saumu kikiwa kizima hakina harufu kali. Kikipondwa au kukatwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake hukutana, navyo huzaa kitu cha tatu kiitwacho alisini. Hiki ndicho kitoacho harufu ile tuijuayo, nacho huua bakteria za namna nyingi. Alisini ilitambuliwa mwaka 1944 na wataalamu wa Marekani. Katika chombo, maji ya kitunguu saumu huizuia Helicobacter pylori isiote.

Jamaa ya kabichi nayo ina siri iliyo karibu sawa na hiyo. Mtu akitafuna kabichi au brokoli mbichi, huzaliwa vitu vyenye ukali kidogo katika ulimi. Kimoja cha hivyo, kiitwacho salforafani, kimo kwa wingi katika miche michanga ya brokoli. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza ya kuwa salforafani huiua Helicobacter pylori katika chombo, hata aina zile zilizokwisha kuzoea dawa za hospitali.

Asali nayo huzuia bakteria kwa njia kadha wa kadha. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka katika bakteria. Tena asali nyingi zikichanganywa na maji huzaa haidrojeni peroksaidi, ambayo ni dawa ya kusafishia vidonda. Lakini asali zote si sawa. Mwaka 1994 wataalamu wa New Zealand walitangaza habari za asali itokayo katika maua ya mti uitwao manuka. Asali hiyo, ikiwa sehemu 5 tu katika 100, iliizuia Helicobacter pylori katika chombo. Lakini asali ya namna nyingine, ambayo nguvu yake hutoka katika haidrojeni peroksaidi, haikuizuia hata ilipokuwa sehemu 40 katika 100. Basi mtu asemapo tu “asali huua kijidudu cha tumbo,” hajasema asali ipi.

Manjano, ambayo twaitia katika pilau na mchuzi, ina rangi yake iitwayo kurkumini. Nayo imeonekana kukizuia kijidudu katika chombo.

Kwa hiyo wazee wetu hawakukosa walipoona kwamba vyakula hivi vina kitu ndani yake. Lakini chombo cha kioo si tumbo la mtu.

4. Nguvu ya vyakula katika watu

Katika mji wa Houston huko Marekani, madaktari walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 1999. Watu wazima 12, wenye kijidudu lakini wasio wagonjwa, walipewa chakula cha namna moja mara tatu kwa siku. Siku moja chakula kilitiwa punje 10 za kitunguu saumu kibichi kilichokatwa. Siku nyingine pilipili kali mbichi 6. Na siku nyingine wakapewa vidonge vya bismathi, dawa ya hospitali ambayo nguvu yake ilikuwa imejulikana tangu zamani. Si wote waliojaribiwa kwa vitu vyote vitatu. Kisha pumzi zao zikapimwa ili ijulikane kama kijidudu kimepungua nguvu. Kitunguu saumu hakikukipunguza. Pilipili haikukipunguza. Bismathi ilikipunguza sana. Na tuangalie: punje 10 katika mlo si kidogo, ni watu wachache wawezao kuzila.

Mwaka huo huo habari ilitoka Uingereza. Wagonjwa wachache walipewa asali ya manuka, ile ile iliyoshinda katika chombo, kijiko kikubwa mara nne kwa siku kwa muda wa majuma mawili. Walipopimwa baadaye, wote walikuwa wangali na kijidudu.

Na manjano je? Katika jaribio la wataalamu wa Thailand, lililotangazwa mwaka 2010, wagonjwa 17 walipewa kurkumini, na wagonjwa 19 walipewa dawa za hospitali. Katika wale 17 aliyeondokewa na kijidudu alikuwa 1. Katika wale 19 walikuwa 15.

Twende sasa Japani, kwenye habari iliyo na matumaini zaidi. Watu 48 wenye kijidudu waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walikula gramu 70 za miche michanga ya brokoli kila siku kwa muda wa majuma 8. Fungu la pili walikula miche ya mmea mwingine usio na salforafani. Jaribio hili lilitangazwa mwaka 2009. Walipopimwa, wale waliokula brokoli walionekana kijidudu kimepungua nguvu na uvimbe wa tumbo umepungua. Wale wengine hawakuonekana hivyo. Hii ni habari njema. Lakini miezi miwili baada ya kuacha kula brokoli, vipimo vyao vilirudi kama vilivyokuwa mwanzo. Kijidudu kilikuwa kimelala tu, hakikufa.

Tena katika wilaya ya Linqu, jimbo la Shandong nchini China, ambako saratani ya tumbo ni nyingi, watu 189 walijaribiwa kwa maji ya tunda dogo jekundu la nchi za baridi liitwalo kranberi. Tunda hili hufanya kazi kwa njia nyingine: lina kitu kinachozuia vishikio vya kijidudu visinase. Baada ya siku 90, katika watu 97 waliokunywa maji hayo, 14 hawakuonekana na kijidudu. Katika watu 92 waliokunywa maji yaliyofanana nayo lakini yasiyo na tunda lile, 5 hawakuonekana nacho. Tofauti ipo, tena ni ya kweli. Lakini mgonjwa na ajiulize: je, yu tayari kuwa katika wale 83 waliobaki nacho?

5. Kwa nini chombo na tumbo hutofautiana

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: ikiwa chakula huua kijidudu katika kioo, kimezuiwa na nini tumboni? Sababu zi kadha wa kadha.

Kwanza ni muda. Katika chombo, kijidudu hukaa ndani ya dawa siku tatu au zaidi pasipo kuondoka. Tumboni, chakula hukaa saa chache tu, kisha hushuka.

Pili ni maji. Asali kijiko kimoja huingia katika tumbo lenye maji, mate na chakula kingine, nayo huwa nyepesi mara moja.

Tatu ni tindikali na moto. Kile kimeng'enya cha kitunguu saumu kizaacho alisini huharibiwa na moto wa jiko, na tena huharibiwa na tindikali ya tumbo. Kwa hiyo mtu amezaye punje nzima kama kidonge hapati alisini nyingi, na yeye aichemshaye nzima mchuzini hupata ladha nzuri, lakini nguvu ile ya kuua bakteria haipati.

Nne ni ute. Kijidudu kimejificha chini yake, na chakula chapita juu yake.

Tano ni masalio. Hata kama vijidudu vingi vimekufa, wachache waliobaki huzaana tena. Mkulima ajua jambo hili: akikata majani ya magugu na kuacha mizizi, shamba litapendeza kwa juma moja tu.

Juu ya hayo kuna neno la sita, nalo lamhusu jirani yule aliyepona kwa maji ya kabichi. Mwaka 1949 daktari mmoja wa California, Garnett Cheney, alitangaza ya kuwa aliwapa wagonjwa 13 wa vidonda maji ya kabichi mbichi, yapata lita moja kila siku, na vidonda vyao vikafunga upesi. Habari hiyo ilienea mbali, na hata leo watu huisimulia. Lakini hapakuwa na fungu la pili la wagonjwa wasiokunywa kabichi, wa kulinganishwa nao. Na vidonda vya tumbo vina tabia hii: hufunga vyenyewe kwa muda, kisha hufunguka tena, kwa kuwa kijidudu kingali kimo. Mtu akinywa kabichi wakati kidonda kifungapo chenyewe, ataishukuru kabichi. Jirani yetu hasemi uongo. Maumivu yake yalikwisha kweli. Ila hajui kwa sababu gani yalikwisha, wala hajui kama hayatarudi.

6. Msaada wa kweli wa vyakula

Je, basi tuvitupe vyakula hivi? La, hasha. Vina kazi yao, nayo ni kazi ya msaidizi.

Msaidizi wa kwanza ni mtindi, yaani maziwa yaliyogandishwa kwa bakteria njema. Dawa za kuua kijidudu mara nyingi huharisha na kutia kichefuchefu, na wengine huziacha kwa ajili hiyo. Majaribio mengi yameonyesha ya kuwa bakteria njema za namna ile ya mtindi, zikitumiwa pamoja na dawa, hupunguza taabu hiyo, na baadhi ya majaribio yameonyesha ya kuwa wanaopona huzidi kidogo. Lakini mtindi usimezwe wakati ule ule na dawa iitwayo tetrasaiklini, kwa sababu maziwa huizuia isiingie mwilini. Mgonjwa na aulize ni saa ngapi za kuacha katikati.

Msaidizi wa pili ni kitunguu saumu, na hapa turudi tena Linqu. Mwaka 1995 watu 3,365 wa wilaya ile waliingizwa katika jaribio kubwa. Katika hao, wale wenye kijidudu walikuwa 2,258. Kwa kura, wengine walipewa dawa za hospitali kwa majuma mawili tu. Wengine vitamini, na wengine vidonge vya kitunguu saumu, kwa muda wa miaka 7 na zaidi. Kisha wote wakafuatwa kwa miaka 22, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019. Wale waliopewa dawa za hospitali, hatari yao ya kupata saratani ya tumbo ilipungua kwa karibu nusu. Wale wa kitunguu saumu, hatari ya kuipata haikupungua kwa namna iliyo dhahiri; lakini waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa wachache kuliko wenzao. Tuone uzani wa maneno haya: majuma mawili ya dawa yalizuia saratani kwa watu waliofuatwa miaka 22, na miaka 7 ya kitunguu saumu ilileta faida, ila ndogo kuliko hiyo. Heri mtu avipate vyote viwili, lakini asiziache dawa kwa ajili ya kitunguu.

Msaidizi wa tatu ni chakula chema cha kila siku: mboga za majani, kabichi, matunda, na chumvi kidogo. Chumvi nyingi na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi huzidisha hatari ya saratani ya tumbo.

Tena kuna maonyo machache. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe, kwa kuwa yaweza kuwa na mbegu za bakteria zimtiazo sumu ya kupooza. Mwenye kisukari asinywe asali kwa vijiko akidhani ni dawa. Kitunguu saumu kibichi kikiliwa kwa wingi huunguza kinywa na tumbo. Na mtu atumiaye dawa za kuzuia damu isigande amwambie daktari kwanza kabla ya kukila kwa wingi.

7. Maneno ya kumwambia mgonjwa

Mtu akituambia, “Chakula fulani huua kijidudu cha tumbo,” na tumwulize maswali matatu. La kwanza: kiliua wapi, katika chombo cha kioo au katika tumbo la mtu? La pili: waliokitumia walilinganishwa na nani? La tatu: baada ya kuacha, walipimwa tena? Asiyeweza kujibu maswali haya amekuja na matumaini, hajaja na dawa.

Na mgonjwa tumwambie hivi. Aende akapimwe. Kijidudu hutambulikana kwa pumzi, au kwa choo, au kwa kutazama tumboni kwa mpira wenye kamera. Akionekana nacho, atapewa dawa mbili au zaidi za kuua bakteria, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Azimeze zote hata siku ya mwisho, ingawa maumivu yamekwisha siku ya nne. Akiziacha katikati, vijidudu vilivyobaki vyaweza kuzizoea dawa hizo, na mara ya pili hazitavishinda. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikitia kijidudu hiki, cha aina iliyozoea dawa ya klarithromaisini, katika orodha ya bakteria zinazohitaji dawa mpya. Na akiisha kumaliza, asipungue majuma manne, apimwe tena, ili ijulikane kama kimeondoka.

Akiwa anakula asali au kitunguu saumu au manjano, asifiche. Amwambie daktari naye hatamcheka. Na kama akimcheka, heri kuchekwa kuliko kuchanganya vitu pasipo kujulikana.

Lakini kuna dalili zisizongoja chakula cho chote, wala hazingoji siku ya soko: choo cheusi kama lami; kutapika damu, au kitu kama masalio ya kahawa; kukonda pasipo sababu; chakula kukwama kooni; maumivu makali ya ghafula yafanyayo tumbo kuwa gumu kama ubao. Mtu mwenye dalili hizi apelekwe hospitali. Na mwenye kutapika damu, au mwenye choo cheusi, au mwenye tumbo lililokuwa gumu, apelekwe siku ile ile, hata ikiwa ni kwa kuchukuliwa begani. Mwinjilisti amkutaye mtu namna hii asimwache na kikombe cha asali na neno la faraja tu. Na amtafutie nauli kwanza.

Nyumbani nako kuna kazi. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula. Tunywe maji safi yaliyochemshwa. Choo kiwe mbali na kisima. Na watoto wasilishwe chakula kilichotafunwa kinywani mwa mtu mzima.

Hivi ndivyo jibu letu lilivyo. Kitunguu saumu, kabichi, asali na manjano ni vyakula vyema, na ndani yake mna nguvu isiyo ya kubuni. Mahali pake ni mezani, kando ya dawa. Tusivipeleke mahali pa dawa, maana huko vitashindwa, na atakayelipa ni mgonjwa.

Maswali ya kujifunza

1. Taja njia tatu ambazo kijidudu cha tumbo hujilinda nazo.
2. Kwa nini kitunguu saumu kilichopondwa si sawa na punje iliyomezwa nzima?
3. Asali ya manuka ilishinda katika chombo, ikashindwa katika watu. Eleza sababu mbili.
4. Watu wa Japani walionekana wameboreka, kisha wakarudi hali ya kwanza. Twajifunza nini hapo?
5. Jirani asema amepona kwa maji ya kabichi. Utamjibuje kwa upole, pasipo kumwita mwongo?
6. Taja dalili ambazo mgonjwa akiwa nazo hapaswi kungoja. Je, katika mtaa wenu ni nani awezaye kumpeleka usiku? Shaurianeni sasa, kabla haja haijatokea.